Artsimovich: Mwanafizikia aliyewaita wapinzani wampime

WANASAYANSI kutoka Uingereza walipowasili Moscow mwaka 1969 na shehena ya mitambo ya leza, Vita Baridi ilikuwa ingali inaendelea. Walikuwa wakielekea Taasisi ya Kurchatov, kitovu cha utafiti wa nyuklia wa Umoja wa Kisovieti, mahali ambapo mgeni wa Magharibi hakuingia kirahisi. Aliyewaita ni Lev Artsimovich.

Artsimovich alizaliwa Moscow Februari 1909 na kuhitimu chuo kikuu mjini Minsk mwaka 1928. Alishiriki katika mpango wa bomu la atomu, kisha mwaka 1951 akakabidhiwa majaribio ya kuunganisha viini vya hidrojeni nzito ili kupata nishati, kwa njia inayofanana na ile ya jua.

Kazi hiyo huhitaji joto kali mno, kiasi kwamba gesi hugeuka plazma, na plazma ikigusa ukuta wa chombo hupoa papo hapo. Andrei Sakharov na Igor Tamm walipendekeza mwaka 1950 ishikiliwe kwa nguvu za sumaku ndani ya chumba chenye umbo la pete. Tatizo ni kwamba pete hiyo haitulii. Hutaka kutanuka mithili ya tyubu ya baiskeli iliyojazwa upepo. Na kwa kuwa sumaku ni kali zaidi upande wa ndani, chembe chanya na hasi hutengana, moja juu na nyingine chini, kisha plazma yote husukumwa ukutani. Dawa yake ni kupitisha mkondo wa umeme ndani ya plazma yenyewe, ili mistari ya sumaku isokotwe kama kamba. Lakini mkondo ukizidi, plazma hujipinda kama nyoka na kusambaratika. Kikomo hicho kilikokotolewa na Vitaly Shafranov, mwananadharia wa kundi hilohilo, na Martin Kruskal wa Marekani, kila mmoja kwa njia yake. Mashine za namna hiyo ziliitwa tokamaki.

Artsimovich hakuwa mwepesi wa kushangilia. Neutroni zilipoonekana katika majaribio ya mwaka 1952, yeye na wenzake walibaini kwamba hazikutokana na joto la plazma. Waingereza walijikwaa papo hapo mwaka 1958, walipotangaza kwa shangwe ushindi wa mashine yao ya ZETA, kisha wakalazimika kuufuta.

Agosti 1968, mjini Novosibirsk, ilikuwa zamu yake kutoa habari njema: tokamaki T-3 ilikuwa imefikia nyuzi zipatazo milioni 10. Wataalamu wa Magharibi walitilia shaka vipimo vyake. Badala ya kulumbana, alimwalika Bas Pease, mkuu wa maabara ya Culham, atume watu wake na vifaa vyao. Kama leza ingeonyesha vingine, jina lake lingechafuka mbele ya dunia nzima.

Leza ilimthibitisha. Matokeo yalichapishwa Novemba 1969, na mwaka 1970 Princeton, waliokuwa wameshikilia mashine ya aina nyingine kwa karibu miaka 20, waliigeuza ile kubwa yao kuwa tokamaki.

Artsimovich alifariki Moscow Machi 1, 1973, akiwa na miaka 64. Miaka 10 baadaye tokamaki kubwa ya Ulaya, JET, ilianza kazi hukohuko Culham, ikadumu hadi mwaka 2023.