Christopher Strachey

Christopher Strachey (16 Novemba 1916 – 18 Mei 1975) alikuwa mwanasayansi wa kompyuta kutoka nchini Uingereza. Ni mmoja wa watu wa kwanza kueleza namna kompyuta moja inavyoweza kuendesha kazi kadhaa kwa zamu bila kazi moja kuvuruga nyingine. Wazo hilo ni msingi wa seva za leo, zikiwemo zile zinazoendesha programu nyingi kwa njia ya kontena.

== Maisha ya awali ==
Strachey alizaliwa Hampstead, London. Baba yake, Oliver Strachey, alikuwa mtaalamu wa serikali wa kufumbua maandishi ya siri. Mama yake, Ray Strachey, alikuwa mwandishi na mtetezi wa haki ya wanawake kupiga kura. Mwandishi Lytton Strachey alikuwa baba yake mdogo.

Alisoma Gresham's School, na mwaka 1935 alijiunga na King's College katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Akiwa huko alipatwa na msongo mkubwa wa akili. Alipata shahada, lakini matokeo yake hayakutosha kumpa nafasi ya utafiti. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alifanya kazi katika kampuni ya simu na nyaya. Baada ya vita akawa mwalimu, kwanza Canterbury, kisha Harrow School kuanzia mwaka 1949.

== Kuingia katika kompyuta ==
Mwaka 1951, akiwa bado mwalimu na umri wa miaka 34, aliruhusiwa kutumia kompyuta ya Pilot ACE katika Maabara ya Taifa ya Fizikia. Aliiandikia programu ya kucheza drafti, lakini kumbukumbu ya mashine haikuitosha. Alihamia kwenye kompyuta ya Ferranti Mark 1 mjini Manchester, akitumia mwongozo ulioandikwa na Alan Turing. Kufikia mwaka 1952 programu yake iliweza kucheza mchezo mzima. Mwaka huohuo aliandika programu iliyotunga barua za mapenzi kwa kuchagua maneno kwa bahati nasibu.

Kazi hizo zilimtoa darasani. Mwaka 1952 aliajiriwa na NRDC, shirika la serikali lililoendeleza uvumbuzi. Alifanya mahesabu ya mradi wa njia ya meli ya mto St. Lawrence nchini Kanada, na pia alishiriki kubuni kompyuta ya Ferranti Pegasus.

== Kugawana muda wa kompyuta ==
Miaka ya 1950 kompyuta zilikuwa chache na za bei kubwa. Mtu akikaa mbele ya mashine kutafuta makosa katika programu yake, mashine nzima ilimsubiri afikiri. Vilevile ilisubiri vifaa vya kusoma kadi na kuchapisha, ambavyo vilikwenda polepole kuliko mahesabu yenyewe.

Mwezi Februari 1959 Strachey aliomba hataza ya njia ya kuondoa hasara hiyo. Mwezi Juni aliieleza mjini Paris, katika mkutano wa kimataifa ulioandaliwa na UNESCO. Alipendekeza kompyuta ihame kutoka programu moja hadi nyingine kila inapolazimika kusubiri. Juu yao iwepo programu simamizi ya kupanga zamu, na kila programu izuiwe kuingia katika sehemu ya kumbukumbu isiyo yake.

Wakati huohuo John McCarthy wa chuo cha MIT nchini Marekani alikuwa na wazo la karibu: watumiaji wengi, kila mmoja na kituo chake, wakitumia kompyuta moja. Mfumo wa namna hiyo, CTSS, ulionyeshwa MIT mwaka 1961.

== Cambridge na Oxford ==
Miaka ya 1960 Strachey alishiriki kubuni lugha ya programu iitwayo CPL. Lugha hiyo haikukamilishwa kikamilifu, lakini ilizaa BCPL, kisha B, na hatimaye C.

Baadaye alianzisha kikundi cha utafiti wa programu katika Chuo Kikuu cha Oxford. Pamoja na Dana Scott aliweka misingi ya kueleza maana ya lugha za programu kwa hisabati. Alipata uprofesa mwaka 1971. Alifariki mwaka 1975 kwa ugonjwa wa ini, akiwa na umri wa miaka 58.

== Urithi ==
Baada ya kugawana muda, hatua iliyofuata ilikuwa mashine pepe. Mfumo wa CP-40 wa IBM, uliotumika kuanzia mwaka 1967, ulimpa kila mtumiaji kitu kilichoonekana kama kompyuta kamili ya peke yake.

Kontena zilikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1979, miaka minne baada ya kifo cha Strachey, toleo la 7 la Unix lilikuwa na amri ya chroot, inayoifanya programu ione sehemu moja tu ya mafaili. FreeBSD ilipanua kinga hiyo mwaka 2000. Mwaka 2008 kiini cha Linux kiliongezewa cgroups, yaani uwezo wa kuwekea kundi la programu kikomo cha kumbukumbu na cha muda wa prosesa. Docker, iliyotolewa mwaka 2013, ilirahisisha kuunda, kuwasha na kufuta kontena.

Tofauti na mashine pepe, kontena zote za seva moja hutumia kiini kimoja cha mfumo wa uendeshaji. Kwa hiyo ni nyepesi na huwaka haraka, lakini kasoro katika kiini hicho inaweza kuzigusa zote. Kontena isiyowekewa kikomo inaweza kumaliza kumbukumbu ya seva na kuziangusha nyingine. Msimamizi wa seva bado anashughulikia mambo mawili aliyoyaeleza Strachey mwaka 1959: kutoiacha mashine ikae bure, na kuzuia kazi moja isiharibu nyingine. Kiini cha Linux chenyewe kimeandikwa kwa sehemu kubwa katika C, lugha iliyotokana na CPL.