Oliver Heaviside na Kutu Iliyojificha Chini ya Rangi



Ndugu zangu, Qur'ani Tukufu ina sura ya 57 iitwayo al-Hadid, yaani chuma. Chuma kina manufaa mengi kwetu, lakini kina adui, naye ni kutu. Mimi nasoma masomo ya Kiislamu, si uhandisi, ila leo nawaletea maisha ya Oliver Heaviside, kwa kuwa neno alilolibuni ndilo wataalamu wanalolitumia kumgundua adui huyo akiwa bado amejificha chini ya rangi.

Heaviside alizaliwa London, Uingereza, tarehe 18 Mei 1850, katika familia ya kipato kidogo. Utotoni aliugua homa nyekundu iliyompunguzia usikivu. Aliacha shule akiwa na miaka 16 na hakusoma chuo kikuu. Alifanya kazi ya telegrafu hadi mwaka 1874, kisha akarudi kwa wazazi wake na kujisomea peke yake vitabu vigumu vya James Clerk Maxwell kuhusu umeme na sumaku. Aliifupisha nadharia hiyo ikawa milinganyo 4, ambayo wenzetu wa fizikia wanafundishwa mpaka leo.

Mwaka 1886 alibuni neno impidansi, yaani kizuizi chote ambacho umeme unaogeuka mwelekeo hukutana nacho. Baadaye wengine wakakipeleka kipimo hicho kwenye rangi za kuzuia kutu. Chuma kilichopakwa rangi hugusishwa maji ya chumvi, kisha hupitishiwa umeme mdogo sana. Rangi iliyo nzima huuzuia: umeme ukigeuka polepole, impidansi hufika omu bilioni 1 au zaidi kwa eneo la sentimita 1 ya mraba. Maji yakipenya, namba huporomoka. Ikishuka chini ya omu milioni 1, ulinzi umekwisha, hata kama kwa macho rangi bado inang'aa. Hapo tangi au daraja hurekebishwa kabla ya kuleta maafa.

Heaviside hakutajirika. Alipoonyesha namna ya kuboresha simu za masafa marefu, William Preece wa Posta ya Uingereza alimpinga, na faida ikaja kupatikana na wengine. Hata hivyo, mwaka 1891 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society. Alifariki Torquay tarehe 3 Februari 1925, bila kuoa.

Kwangu mimi, somo ni mawili. Kwanza, uziwi na umaskini havikumzuia kutafuta elimu. Sisi tuliopewa masikio, walimu na maktaba tutaulizwa tulivitumiaje. Pili, nawaambia ndugu zangu wa uhandisi: kipimo ni amana. Anayepaka rangi mpya juu ya kutu ili ukaguzi upite amewahadaa watakaovuka daraja hilo, na Mwenyezi Mungu anakijua kilicho chini ya rangi.