Sheikh Ahmed Deedat wa Durban, na spika za kumsikilizia

Katika nyumba nyingi za jamaa zetu hapa Maskati, Dubai na Abu Dhabi, ukifungua kabati la chini ya televisheni hukosi kukuta mikanda ya video ya zamani, na katika hiyo kuna wa mzee mmoja wa asili ya Kihindi, ndevu nyeupe, kofia kichwani, anazungumza Kiingereza bila ya kutazama karatasi. Vijana siku hizi wanamwona kwenye simu. Wakubwa nao wamenunua mitambo ya sauti ya maelfu ya dirhamu, wamemfungulia humo, kisha wanalalamika kwamba hawafahamu nusu ya maneno yake. Anavuma tu, kama mtu aliye ndani ya pipa.

Mzee mwenyewe ni marehemu Sheikh Ahmed Deedat, na kwa kuwa watoto wetu waliozaliwa baada ya kufa kwake hawamjui ila kwa vipande vya dakika mbili, si vibaya kumsimulia tangu mwanzo.

Alizaliwa mwaka 1918 Tadkeshwar, karibu na Surat, huko Gujarat. Baba yake alikuwa fundi cherehani na alihamia Afrika Kusini mtoto akiwa bado mchanga. Mwaka 1927 Ahmed, mwenye umri wa miaka 9, alipanda meli kumfuata baba yake Durban. Mama yake alibaki India, na miezi michache tu baadaye akafariki. Mtoto hakumuona tena. Wazee wetu waliopanda majahazi na meli kutoka Sur na Maskati kwenda Unguja na Mombasa, wakaacha mama nyuma, hawahitaji kuelezwa uzito wa jambo hili.

Alipofika hakujua Kiingereza hata kidogo. Akakisoma kwa bidii, akapandishwa madarasa haraka, lakini fedha hazikutosha na alipofika umri wa miaka 16 ikabidi aache shule aende kazini. Basi ndiyo elimu yake yote ya darasani. Yaliyobaki alijifunza mwenyewe.

Kazi aliyoipata ilikuwa ya dukani, duka la Muislamu mmoja kusini mwa Durban, karibu na Adams Mission, palipokuwa na chuo cha Kikristo. Wanafunzi wa pale walikuwa wakipita dukani na kuwauliza wauzaji maswali makali juu ya Uislamu na juu ya Mtume, rehema na amani zimshukie. Kijana Deedat hakuwa na jawabu. Alikuwa akirudi kulala na maneno yale kichwani. Siku moja, katika kupekua makaratasi ya zamani ya tajiri wake, akakuta kitabu kinachoitwa Izhar ul-Haqq, cha Sheikh Rahmatullah Kairanawi, aliyejadiliana na mapadri wa Kizungu India katika karne ya 19. Akakisoma, akanunua Biblia, akaanza kuandika katika daftari. Njia aliyoifuata maisha yake yote ilitoka katika daftari lile: kumsomea mtu maandiko yake mwenyewe, sura kwa aya, kwa moyo.

Muhadhara wake wa kwanza wa hadhara aliutoa mwaka 1942, sinema ya Avalon mjini Durban. Walikuja watu 15. Kwa watu 15 huhitaji kipaza sauti.

Mwaka 1957, yeye na marafiki zake Goolam Hoosein Vanker na Taahir Rasool wakaanzisha kituo cha kueneza Uislamu pale Durban, kilichokuja kujulikana duniani kwa herufi za IPCI. Miaka hiyo serikali ya ubaguzi ilikuwa imeshawagawa watu kwa rangi, Mhindi na mtaa wake, Mwafrika na mtaa wake. Msikiti wa Juma wa Grey Street ulikuwa katikati ya maduka ya Wahindi, na Deedat akapata fikra nyepesi lakini ya busara: awaalike watalii na wenyeji wasiokuwa Waislamu waje kuuzuru, waonyeshwe, waelezwe, waulize. Kwa muda wa miaka aliishi pia Braemar, kusini mwa Natal, alikosaidia kujenga taasisi ya As-Salaam, halafu mwaka 1973 akarudi Durban.

Jina lake lilitoka nje ya Afrika Kusini katika miaka ya 1980. Mwaka 1981 alijadiliana na Mmarekani Josh McDowell, hapohapo Durban, juu ya kusulubiwa kwa Nabii Issa. Mwaka 1985 akasimama London, ukumbi wa Royal Albert Hall, kujadiliana na Anis Shorrosh. Ukumbi ule wa duara, uliofunguliwa mwaka 1871, ulisumbua wazungumzaji kwa mwangwi karibu miaka 100, mpaka mwaka 1969 yakatundikwa darini madude makubwa mfano wa uyoga ili kuuvunja. Mwaka 1986 akaenda Louisiana, Marekani, kukabiliana na Jimmy Swaggart, mhubiri wa televisheni aliyekuwa na jina kubwa wakati ule, na mwaka huohuo akapewa Tuzo ya Mfalme Faisal ya Riyadh kwa kuutumikia Uislamu, pamoja na Mfaransa Roger Garaudy.

Wengine wamesoma zaidi yake, na yeye hakuwa mwanachuoni wa madrasa kubwa. Lakini alifahamu mapema kuliko wengi kwamba ukumbi unachukua maelfu, na mkanda hauna idadi. Mijadala yake ilirekodiwa, ikanakiliwa, ikatumwa kwa bei ndogo au bure pamoja na vile vijitabu vyake. Mkanda mmoja ukifika Dubai ulinakiliwa kumi, wa kumi ukaenda Mombasa na Dar es Salaam ukanakiliwa tena. Huko Afrika Mashariki kina Ngariba na Kawemba wakaichukua njia ya kujadili kwa Biblia, wakaitia katika Kiswahili, na mihadhara ya viwanjani ikaenea na vipaza sauti vyake.

Hapa pana la kusema, na si haki kulificha kwa sababu tunampenda. Ulimi wake ulikuwa mkali. Alikuwa akichekesha ukumbi kwa gharama ya mtu aliyesimama mbele yake, na Durban kwenyewe walikuwepo Waislamu waliomwambia kwamba anawatia katika ugomvi na majirani wasio na ugomvi nao. Wahindu wa Natal nao walikasirika alipowageukia. Tanzania mihadhara ya namna ile ilileta mabishano mazito baina ya watu waliokuwa wakizikana. Kwa maoni yangu aliwapa ujasiri Waislamu wengi wanyonge waliokuwa wakiinamisha vichwa kama yeye alivyoinamisha pale dukani, na baadhi ya wanafunzi wake waliuchukua ukali wakauacha usomaji. Ndiyo maana kumsikia vizuri, neno kwa neno, ni bora kuliko kusikia kelele zake tu.

Sasa tuje kwenye hilo la kumsikia. Maneno ya binadamu yanafahamika kwa herufi zake kavu, s, t, f, k, sh, na hizo zinakaa sana baina ya hezi 1,000 na 4,000, na nyingine juu ya hapo. Simu ya zamani ya waya ilikuwa ikipitisha kiasi cha hezi 300 mpaka 3,400 tu, na bado mama alimfahamu mwanawe aliye Unguja. Besi chini ya hezi 100 haibebi neno hata moja. Na mkanda ulionakiliwa mara tatu umeshapoteza sauti za juu na umeongezewa mchakacho. Ukiufungulia kwenye mtambo uliotengenezwa kwa ajili ya filamu za mabomu, unakuza kile usichokihitaji.

Kwa hiyo ukienda dukani usimwache muuzaji akufungulie muziki wake. Mwambie afungue sauti ya mtu anayezungumza, msomaji wa Qur'ani unayemjua au Deedat mwenyewe, na azime kabisa ile spika ya besi. Jozi ya spika ndogo za rafuni zenye sauti safi ya kati zinashinda masanduku makubwa yaliyobandikwa wati 2,000. Hizo wati zinadanganya watu sana: amplifaya ya wati 100 inaizidi ya wati 50 kwa desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio linaihisi kwa tabu. Tazama badala yake spika inatoa desibeli ngapi kwa wati moja. Yenye 90 ikilinganishwa na yenye 84 ni kama umeongeza nguvu ya amplifaya mara nne, bila ya kulipa zaidi. Tazama pia omu: amplifaya iliyoandikwa ya omu 8 usiifunge spika za omu 4, itapata moto.

Halafu nyumba zetu wenyewe. Marumaru chini, jipsamu juu, kioo ukuta mzima; tumejijengea Royal Albert Hall ya kabla ya uyoga. Zulia nene, mapazia mazito na mito ya majlisi vinafanya kazi kubwa kuliko amplifaya mpya. Spika ziondoe pembeni mwa chumba, maana pembe huzidisha besi, na ziweke kimo cha sikio la mtu aliyekaa. Na kama mkanda uliokuja moja kwa moja kutoka Durban bado mnao, huo ndio wa kuhamishia kwenye kompyuta, si nakala ya nakala. Safisha kichwa cha deki kwanza, upeleke mkanda mbele mpaka mwisho na uurudishe mara moja kabla ya kuurekodi. Mikanda hii inaharibika kabatini, hata usipoigusa.

Sauti yenyewe ilinyamaza mapema kuliko mwenyewe. Aprili 1996 alikuwa Australia, akitoa mihadhara. Tarehe 3 Mei, amesharudi nyumbani, akapigwa na kiharusi kilichompooza kuanzia shingoni kwenda chini, na hakuweza tena kusema wala kumeza. Akapelekwa Riyadh, hospitali ya Mfalme Faisal, na huko akafundishwa kuzungumza kwa macho: herufi zinasomwa kutoka katika jedwali, ikifika anayoitaka anafanya ishara kwa jicho, neno linajengwa herufi baada ya herufi. Mtu aliyekuwa akimimina aya kwa kasi ile, sasa sentensi moja ilimchukua dakika nyingi. Akili ilikuwa timamu na masikio yalikuwa mazima. Aliishi hivyo kitandani miaka tisa, nyumbani kwake Verulam, kaskazini ya Durban, akipokea wageni na kuwajibu barua zao kwa njia hiyohiyo, na mkewe Bi Hawa ndiye aliyekuwa akimuuguza.

Alifariki tarehe 8 Agosti 2005, akazikwa makaburi ya Verulam. Bi Hawa alimfuata mwaka uliofuata.