Johannes Rebmann: Mgeni Aliyekaa Rabai Miaka 29

Katika kijitabu cha harambee ya mwaka huu tumeona vyema kumkumbuka mtu ambaye kwao hakukuwa hapa, lakini sehemu kubwa ya maisha yake aliitumia katika vilima vyetu. Wengi wetu tulisoma shuleni kwamba aliona theluji ya Kilimanjaro. Mengine aliyoyafanya hayatajwi sana, na ndiyo yanayotuhusu zaidi.

Johannes Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika mji mdogo wa Gerlingen, Ujerumani ya kusini. Alisomea umisionari Basel, kisha Uingereza, akatumwa na shirika la CMS. Alifika Mombasa mwaka 1846 akiwa na umri wa miaka 26. Huko alimkuta Mjerumani mwenzake, Ludwig Krapf, ambaye miaka miwili kabla alikuwa amemzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga. Agosti mwaka huohuo wote wawili walipanda Rabai wakiwa wagonjwa wa homa. Wazee wetu waliwakubalia kukaa, wakawapa mahali pa kujenga. Hilo tusilisahau: misheni ya Rabai ilisimama kwa sababu wenyeji walifungua mlango.

Safari yake ya Uchaggani ilikuwa mwaka 1848. Tarehe 11 Mei aliona weupe juu ya mlima, na kiongozi wake akauita baridi tu. Rebmann, mtoto wa nchi ya theluji, akatambua alichokiona. Habari zilipochapishwa mwaka 1849, mtaalamu wa jiografia wa London, William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga bara hili, alizipinga vikali. Ilichukua zaidi ya miaka 10 hadi msafara wa Baron von der Decken wa 1861 na 1862 ukathibitisha. Katika safari yake ya mwisho ya Uchaggani, mwaka 1849, Mangi Mamkinga wa Machame alimwishia bidhaa zote, akarudi Rabai mikono mitupu na afya imeharibika. Baada ya hapo hakutafuta tena sifa za safari. Hata Burton na Speke walipomtembelea Kisulutini mwaka 1857, hakufuatana nao kwenda kwenye maziwa.

Mwaka 1851 alimwoa Emma, mjane Mwingereza aliyekuwa akiishi Misri, wakaja kuishi Kisulutini. Walipata mtoto, naye hakuishi. Wamaasai waliposhambulia mwaka 1857, walilazimika kuhamia Unguja kwa muda, kisha wakarudi. Emma alifariki mwaka 1866. Rebmann akabaki bila mke wala mtoto, na Krapf alikuwa amekwisha kurudi Ulaya. Wakati huo angeweza kufunga mizigo akaenda kwao, wala hakuna ambaye angemlaumu. Alibaki.

Alikuwa akifanya nini? Alikuwa akisikiliza lugha. Alikaa na wenyeji akaandika neno baada ya neno la Kinyika, kama lugha zetu zilivyoitwa zamani, na la Kiswahili. Kwa mtumwa aliyeitwa Salimini, aliyetoka upande wa Ziwa Nyasa, alikusanya pia lugha ya huko. Kamusi ya Kinyasa ilichapishwa mwaka 1877 na ile ya Kinyika mwaka 1887. Zote mbili zilitoka yeye akiwa kaburini. Maneno ya babu zetu, ambayo vijana wetu wa mjini wanayasahau leo, yamo humo.

Waliobatizwa walikuwa wachache mno, na baadhi ya wakubwa wake waliona kwamba misheni ya Rabai imeshindwa. Sisi tunaoshughulika na hesabu za chama tunajua namna hesabu ya mwaka mmoja inavyoweza kudanganya. Kati ya hao wachache walikuwamo Abe Gunja na mwanawe Isaac Nyondo. Mwaka 1864 walifika pia Waafrika waliokuwa wamekombolewa utumwani na kusomeshwa India, akiwemo William Jones. Watu wa namna hii ndio waliolea kanisa na shule baada ya Rebmann. Miaka ya baadaye Rabai ikawa kimbilio la watumwa waliotoroka mabwana zao.

Kufikia mwaka 1875 Rebmann alikuwa kipofu. Baada ya miaka 29 bila kuiona Gerlingen alirudi Ulaya, na aliyemshika mkono safari yote ni Isaac Nyondo, kijana wa Rabai. Mzee yule alifariki tarehe 4 Oktoba 1876 huko Korntal, karibu na rafiki yake Krapf. Nyondo akarudi nyumbani kuendelea na kazi.

Ndugu, hapo ndipo tunapoguswa. Tunawasifu wageni waliokuja kutujengea, na ni haki yao. Lakini Rabai ina wana wake waliosambaa mijini na ng'ambo, wenye kazi na mishahara, na bado kuna mtoto wetu anayekaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa karo, na mzee anayepoteza macho kwa kukosa nauli ya kwenda hospitalini. Mtu wa Gerlingen alitupa miaka 29. Kijana wetu alimshika mkono kipofu asiye wa damu yake, akavuka naye bahari. Je, sisi tutashindwa kuwashika mkono wa kwetu?

Mwaka huu michango itaelekezwa kwenye basari za wanafunzi na matibabu ya wazee wetu. Toa ulicho nacho, kiwe kikubwa au kidogo, na kila shilingi itaandikiwa risiti na kusomwa mbele ya mkutano mkuu. Haba na haba hujaza kibaba. Karibuni nyote, na Mwenyezi Mungu awazidishie.