Langston Hughes: Mshairi Aliyewavusha Wenzake Bahari

Mwaka wa 1923, kijana mmoja Mmarekani mweusi aliajiriwa ubaharia katika meli ya mizigo iliyokuwa ikielekea Afrika Magharibi. Meli ilipong'oa nanga, alivitupa vitabu vyake baharini. Kijana huyo alikuwa Langston Hughes. Ajabu ni kwamba ndiye aliyekuja kutumia miaka mingi ya maisha yake kuvusha vitabu vya wengine ng'ambo ya bahari.

Hughes alizaliwa mwaka wa 1901 mjini Joplin, jimbo la Missouri, na kulelewa na nyanya yake. Diwani yake ya kwanza, The Weary Blues, ilitoka mwaka wa 1926, ikamweka miongoni mwa nguzo za mwamko wa sanaa wa Harlem. Aliyatia mashairi yake mahadhi ya bluzi na jazi, muziki wa makabwela ambao baadhi ya wasomi weusi waliuonea haya.

Safari ile ya Afrika ilimfadhaisha. Kwa kuwa rangi yake ilikuwa ya maji ya kunde, wenyeji hawakumhesabu kuwa mweusi mwenzao. Undugu aliouwazia ulihitaji kujengwa, na tafsiri ikawa mojawapo ya zana zake. Akishirikiana na wenzake, alitafsiri riwaya ya Jacques Roumain wa Haiti (1947) na mashairi ya Nicolás Guillén wa Kuba (1948). Mwaka wa 1960 alihariri An African Treasury, mkusanyiko wa maandishi ya Waafrika.

Kazi hiyo haikukosa miiba. Mwaka wa 1953 aliitwa kuhojiwa na kamati ya Seneta Joseph McCarthy, iliyokuwa ikichunguza vitabu vilivyowekwa katika maktaba za Marekani zilizokuwa nchi za nje.

Mnamo Juni 1962, Hughes alihudhuria kongamano la waandishi katika Chuo Kikuu cha Makerere, ambako Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa mwanafunzi. Hata hivyo, kongamano lenyewe lilikuwa la Waafrika walioandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert, aliyefariki mwezi uo huo, hakuwa na kiti pale. Mvushaji alifika hadi mlangoni petu, lakini fasihi ya Kiswahili haikuwamo ukumbini.

Hughes aliaga dunia mjini New York tarehe 22 Mei 1967. Wanafunzi wa Kiswahili tumeachiwa swali: ni nani atakayewavusha washairi wetu, ikiwa sisi wenyewe hatutashika makasia?