Stephen Kleene: Mwasisi wa Semi za Ruwaza

Stephen Cole Kleene alizaliwa tarehe 5 Januari 1909 mjini Hartford, Marekani. Mwaka 1934 alihitimu shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Princeton chini ya usimamizi wa Alonzo Church. Swali lililowashughulisha mwalimu na mwanafunzi lilikuwa moja: ni mambo yepi yanayoweza kukokotolewa kwa kufuata kanuni, na yepi hayawezekani kamwe? Mwaka 1935 alianza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, ambako alistaafu mwaka 1979.

Kiangazi cha mwaka 1951, akiwa katika shirika la utafiti la RAND, Kleene alichunguza jinsi mitandao ya neva inavyoweza kuelezwa kihisabati. Katika kazi hiyo, iliyochapishwa mwaka 1956, alibuni semi za ruwaza. Usemi wa aina hii ni fomula fupi inayowakilisha mifuatano mingi ya herufi kwa njia tatu: kuunganisha, kuchagua na kurudia. Mathalani, usemi (m|wa)toto hunasa mtoto na watoto kwa pamoja. Alama ya kurudia, yaani kinyota, ingali inaitwa kwa jina lake.

Mwaka 1968 Ken Thompson alieleza namna ya kutafuta maneno kwa semi hizo, nazo zikawa nyenzo muhimu ya vihariri matini. Mtu angeweza kutumaini kwamba tarakilishi ingeweza kuusanifu upya, yenyewe, usemi wowote ulioandikwa ovyo. Ni kweli kwamba inaweza kugeuza mtoto|watoto kuwa (m|wa)toto. Hata hivyo, katika miaka ya 1970 Albert Meyer na Larry Stockmeyer walithibitisha kuwa kubaini iwapo semi mbili zina maana moja ni kazi ngumu mno. Hadi leo haijulikani mbinu ya kuitekeleza upesi kwa kila usemi.

Isitoshe, Kiswahili chenyewe kinadhihirisha mpaka mwingine. Kutambua neno lolote la uradidi, kama vile polepole na sawasawa, bila kuwekea urefu wake kikomo, hakuwezekani kwa njia tatu za Kleene. Vihariri vingi viliongeza alama ya kurejelea kilichokwisha kunaswa, lakini nyongeza hiyo iliondoa uhakika wa kasi uliokuwa katika mbinu ya Thompson. Kwa hiyo, jukumu la kuchagua usemi ufaao lilibaki mikononi mwa mwandishi.

Kleene alitunukiwa Nishani ya Taifa ya Sayansi mwaka 1990, akaaga dunia mjini Madison tarehe 25 Januari 1994. Aliacha chombo kinachotumika kila siku, pamoja na elimu ya kupima mahali chombo hicho kinapokomea.