Mwalimu Aliyeuliza Sababu

Watoto wa maskini wasipofika shuleni, wengi wetu huharakisha kuwalaumu wazazi wao. Jean-Baptiste de La Salle, padre Mfaransa, alitaka kwanza kuijua sababu. Kwa hiyo yafaa tuyakumbuke maisha yake.

Alizaliwa mjini Reims mwaka 1651, katika nyumba yenye mali na cheo. Akingali kijana alifanywa kanoni wa kanisa kuu la mji huo, na mwaka 1678 akapewa upadre. Mwaka uliofuata alikutana na Adrien Nyel, aliyekuja Reims kufungua shule za bure kwa wavulana maskini. Alimsaidia, pasipo kudhani kwamba kazi hiyo ingeyachukua maisha yake yote.

Aliona upesi kwamba walimu wenyewe walikuwa na elimu haba na maisha magumu. Mwaka 1681 akawakaribisha nyumbani mwake, na jamaa zake wakachukizwa. Mwaka 1683 akauacha ukanoni. Kisha njaa ilipoukumba mji, mali yake akawagawia wenye njaa. Kwa walimu hao lilianza Shirika la Mabruda wa Shule za Kikristo.

Katika shule zake mafundisho yalikuwa bure, na mwalimu alikatazwa kupokea zawadi kwa wanafunzi. Watoto walianza kusoma kwa Kifaransa, lugha ya nyumbani, wala si kwa Kilatini kama ilivyokuwa desturi. Maana mtoto wa fukara aliyeondoka mapema aliondoka hajui kusoma lugha yoyote aliyoielewa. Vijana waliokwisha kushikwa na kazi aliwafungulia shule ya Jumapili mjini Paris.

Kitabu chake cha uongozi wa shule, kilichochapwa mwaka 1720, kina sura nzima juu ya watoto wasiohudhuria. Humo sababu zatafutwa kwa mtoto, kwa wazazi, na kwa mwalimu pia. Wazazi maskini humtoa mtoto mapema ili afanye kazi, kwa kuwa wana shida na faida ya masomo hawajaiona: basi waonyeshwe kwamba asiyejua kusoma na kuandika hatapata kazi ya maana. Lakini pengine mtoto hukimbia kwa kuwa mwalimu hana upendo, au hajui kufundisha. Tena wanafunzi fulani walipewa kazi ya kwenda nyumbani kwa wenzao wasiofika.

Walimu wa kuandika waliolipwa ada walimshtaki mahakamani huko Paris, wakiona riziki yao yapungua. Hakuacha kazi. Alifariki karibu na Rouen siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 7 Aprili 1719. Alitangazwa mtakatifu mwaka 1900, na mwaka 1950 Papa Pius XII akamweka kuwa msimamizi wa walimu.

Hata leo, ada ikiisha kufutwa, hubaki bei ya sare na daftari, na mikono ya mtoto inayohitajiwa shambani au sokoni. Kabla hatujamlaumu mzazi, twende nyumbani kwake tukaulize. Kisha turudi tulitazame darasa letu wenyewe.